Neno "kaa" lina maana ngapi kwa mtoto wa miaka saba?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niseme jambo linalohusu watoto wa madarasa ya chini na somo la Kiswahili. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha madarasa hayo kwa miaka mingi, kwanza upande wa Nyeri na baadaye huku Kilifi, na tangu niiweke chaki chini nimekuwa nikiyafuata mambo ya darasani kupitia madaftari ya wajukuu. Mwezi uliopita mjukuu wangu aliye Gredi ya 2 alirudi nyumbani na karatasi ya kazi ya ziada iliyopigwa chapa, ikimtaka aandike maana tatu za kila mojawapo ya maneno haya: kaa, paa, kata, chungu, tua na panda. Hayo ni maneno sita na maana kumi na nane, kwa mtoto ambaye pengo la meno yake ya mbele bado halijaziba.

Alijitahidi. Chini ya neno kaa aliandika, kwa mwandiko unaopanda kilima kila unapokaribia pambizo, kwamba kaa ni kukaa kwenye kiti, kisha kwamba kaa ni kukaa Kilifi, na hapo akakwama, akaniuliza kama anaweza kuandika pia kukaa kimya. Nilimwambia aandike. Karatasi iliporudi, jibu la kwanza lilikuwa limetiwa alama ya vema, na yale mengine mawili yamekatwa kwa kalamu nyekundu, huku pembeni pameandikwa majibu yaliyotarajiwa: mnyama wa baharini na kipande cha mkaa.

Sina ugomvi na mwalimu aliyesahihisha, kwa kuwa najua uzito wa rundo la karatasi za darasa zima, na najua kwamba maswali yale hakuyatunga yeye. Lakini mtoto hakukosea. Kuketi kitini na kuishi mahali ni maana mbili, na kamusi yoyote nzuri ya Kiswahili huzitenganisha kwa nambari chini ya kidahizo kimoja. Karatasi ilikuwa ikitafuta kitu kingine, yaani maneno matatu yasiyo na udugu wowote, yaliyokutana tu kwa sura na sauti. Tofauti hiyo wanaisimu huijadili vyuo vikuu kwa majina ya polisemia, yaani neno moja lenye maana kadhaa zenye udugu, na homonimia, yaani maneno tofauti yaliyofanana tu. Mjukuu wangu alipimwa kwayo akiwa na penseli yenye kifutio cha umbo la gari.

Ajabu zaidi ni kwamba mtoto huyu anamjua kaa vizuri sana. Kila tukienda ufuoni maji yakiwa yamekupwa huwakimbiza mpaka wanaingia mashimoni, na ameshawahi kubanwa kidole. Mnyama yumo kichwani mwake, jina limo mdomoni mwake, na bado neno lilipowekwa peke yake juu ya karatasi, bila sentensi na bila picha, mnyama hakuja. Kwa hiyo hoja yangu si kwamba maneno yanayofanana yaondolewe katika madarasa ya chini. Yafundishwe, tena mapema, ila yachaguliwe kwa kupima umbali uliopo kati ya kila maana na maisha ya mtoto anayefundishwa, na kila mara yaletwe ndani ya sentensi. Orodha haiwezi kuupima umbali huo.

Orodha hizi nazifahamu, kwa sababu nilishiriki kuzitengeneza. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulianza mwaka 1985, na sisi tulioandaa watahiniwa tulizoea kukusanya vitate, yaani maneno yanayokaribiana kimatamshi, pamoja na vitawe, yaani maneno yenye maana zaidi ya moja, tukayaandika kwenye karatasi za manila na kuyabandika ukutani. Wanafunzi wa darasa la nane waliyakariri kama walivyokariri wingi wa majina na methali. Walikuwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, walikwisha kusoma hadithi nyingi, na maana ngeni ilipata mahali pa kushika. Mtihani ule ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019 unasisitiza kusikiliza na kuzungumza kabla ya mengine. Orodha, hata hivyo, hazikustaafu pamoja nasi. Zimeshuka ngazi darasa kwa darasa, zikapewa picha ya sungura juu na mstari wa kuandikia jina chini, na sasa ziko mikononi mwa watoto wa Gredi ya 2 zikiwa na maneno yale yale.

Kuna asili nyingine ya kosa hili, nayo ni kuiga mazoezi ya Kiingereza bila kuyatazama vizuri. Kiingereza kina jozi kama "sea" na "see", ambazo hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti, kwa hiyo mtoto anayejifunza lugha hiyo ana kazi ya tahajia: akisikia sauti moja, achague herufi zipi. Kiswahili hakimpi mtoto mzigo huo. Tunaandika tunavyotamka, na maneno mawili yakitamkwa sawa huandikwa sawa pia, hivyo kalamu haina la kuchagua. Kazi yote iko katika kuelewa, na katika kuelewa lugha yetu imempa mtoto msaada ambao Kiingereza hakina, nao ni upatanisho wa kisarufi, yaani jinsi maneno mengine ya sentensi yanavyobadilika kulifuata jina. Kaa huyu si kaa hili. Paa huyu anakimbia, paa hili linavuja. Chungu hiki kimepasuka, chungu hawa wameingia kwenye sukari. Anayempa mtoto neno tupu na kumwambia ataje maana tatu amemnyang'anya kifaa kile kile ambacho lugha ilimtengenezea.

Niruhusu nieleze somo moja nililofundisha hapa Kilifi, kwa maana lilinifunza mimi kuliko wanafunzi. Nilibeba kutoka nyumbani mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kibao cha kukunja yenye ulimi wa chuma wenye meno, nikaiweka juu ya meza na kuuliza, "Huyu ni nani?" Darasa likacheka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema, bila kuinua mkono, "Si huyu, mwalimu, ni hii." Nikawauliza kwa nini. Hakuna aliyeweza kueleza, na sikuwabana, kwa sababu mtoto wa umri huo huijua kanuni kwa ulimi muda mrefu kabla ya kuweza kuisema. Badala yake tulitunga sentensi. Mbuzi wetu amezaa. Mbuzi yetu imevunjika mguu. Mbuzi wetu amevunjika mguu. Hizo mbili za mwisho ziliwafurahisha sana, kwa kuwa mguu ni mmoja na kilio ni tofauti.

Kesho yake wakaniletea kitendawili walichokitunga wenyewe wakati wa mapumziko. Mvulana akasimama akasema, "Mbuzi wetu hali majani, anakula nazi." Mwenzake akampinga pale pale kwamba amedanganya, alipaswa kusema, "Mbuzi yetu haili majani." Yule wa kwanza akajibu, "Ningesema hivyo mngejua." Mhariri, katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kusikia maelezo ya upatanisho yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo. Watoto wale walikuwa hawajawahi kusikia neno ngeli. Walikuwa wameelewa kwamba silabi moja mwanzoni mwa kitenzi inaweza kuficha siri au kuifichua, na wakaanza kuitumia kwa hila.

Sasa, somo lile lile ningelipeleka Nyeri wakati naanza kazi, lingeanguka kifudifudi. Jikoni kwa wanafunzi wangu wa huko hakukuwa na nazi wala kifaa cha kuikunia, na mbuzi alikuwa mmoja tu, mwenye pembe. Ningelazimika kwanza kufundisha nazi, kisha kukuna, kisha kifaa, na nikifika kwenye neno, kipindi kimekwisha. Huko nililitumia neno panda, kwa sababu kila mtoto alikuwa amepanda mti wa mpera na kila mtoto alikuwa amepanda mahindi pamoja na mama yake mvua za Machi zilipoanza. Hata kaa lilikuwa na mlango wake. Mtoto wa Nyeri aliyekoka jiko asubuhi anajua kaa la moto, na kutoka hapo anaweza kwenda kwenye kukaa kitini bila shida, ilhali mnyama wa baharini anaweza kumsubiri mpaka amwone kitabuni. Mtoto wa Kilifi huanza upande wa pili. Neno ni moja, na mahali pa kuingilia ni pawili. Karatasi inayochapishwa Nairobi kwa ajili ya nchi nzima haiwezi kujua hilo. Mwalimu anajua.

Hata ndani ya maneno yanayoonekana kuwa mepesi kuna ngazi. Ndege na tai ni mwanzo mzuri sana: ndege huyu ana manyoya, ndege hii ina abiria, tai huyu yuko angani, tai hii iko shingoni kwa mwalimu mkuu. Ungedhani nyanya ni rahisi vivyo hivyo, kwa kuwa hakuna mtoto asiyemjua bibi yake wala asiyeijua nyanya ya kwenye kachumbari. Lakini majina ya ukoo huchukua "yangu" kama vitu, na kwa hiyo mtoto husema nyanya yangu katika pande zote mbili. Kimilikishi hakimsaidii. Lazima asubiri kitenzi, asikie kama ni amekuja au imeiva, ndipo ajue. Kwa hiyo mimi, niliye nyanya kwa maana moja tu hata magoti yanapodai nimeiva, ningeliweka neno hilo wiki kadhaa baada ya mbuzi na tai.

Vitate ni habari nyingine, na hapa nina kosa langu la kukiri. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi niliamua kuwafundisha watoto wa Nyeri tofauti ya kalamu na karamu. Niliyaandika yote mawili ubaoni siku moja, moja juu ya jingine, nikaeleza kwamba hili ni la kuandikia na lile ni sherehe ya kula na kunywa, wakanakili, nikaridhika. Juma lililofuata, watoto waliokuwa wakiandika kalamu bila tatizo lolote wakaanza kuandika karamu. Sikuwa nimewatatulia utata, niliwaletea. Neno karamu kwa maana ya sherehe hawakuwa wamelisikia kabla ya siku ile, na huko nyumbani, katika Kikuyu, kifaa cha kuandikia huitwa karamu. Lugha yao ya kwanza haina sauti l. Kwa sikio la mtoto wa aina hiyo, kalamu na karamu, kula na kura, mahali na mahari si maneno yanayokaribiana. Ni sauti moja kabisa, na mwalimu anayemwambia aangalie tofauti anamwonyesha kitu ambacho bado hakisikii.

Tangu hapo nilijiwekea masharti mawili. La kwanza, maneno mawili yanayoweza kuchanganywa nisiyalete pamoja kwa mara ya kwanza. Moja lizame kwanza, litumike mpaka lichakae, ndipo la pili liletwe likutane na mwenyeji. La pili, sikio litangulie kalamu. Niliwapa watoto kalamu mikononi, nikasimama nyuma yao ili wasisome midomo yangu, nikawaambia wakisikia kalamu wainue mkono, na wakisikia karamu wajifanye wanakula. Siku za kwanza walikuwa wakibahatisha tu, na mmoja alitatua tatizo kwa kuinua kalamu huku akitafuna. Baada ya majuma matatu hivi ya dakika tano kila asubuhi, walio wengi walikuwa wakisikia, na hapo ndipo nilipofungua ubao. Mmoja wao, mwaka wa uchaguzi, aliniandikia kwamba baba yake amekwenda kupiga kula, kisha akajikata mwenyewe na kusahihisha kabla sijafika kwenye dawati lake.

Jozi za kufundishwa zitatofautiana kwa namna hiyo kutoka eneo moja hadi jingine. Watoto wengi wanaozungumza Kikalenjin nyumbani wanahitaji kusikilizishwa baba na papa, na wale wa Kijaluo shuka na suka. Mtoto wa Mswahili wa Mji wa Kale, Mombasa, hahitaji hata moja kati ya hizo, na kumpa ni kumpotezea asubuhi.

Mtoto huyo wa Mombasa ana tatizo la kinyume, ambalo vitabu vyetu havijawahi kulitazama. Anaambiwa kwamba paa la nyumba na paa wa mwituni ni maneno yanayotamkwa sawa, wakati nyumbani kwao hayatamkwi sawa. Wazee wa Pwani humtamka paa mnyama kwa kupumua, na ukishika kipande cha karatasi nyembamba mbele ya midomo utaiona ikitikisika, ilhali kwa paa la nyumba hutulia. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa wa baharini na kaa la moto. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendelea na kazi ya usanifishaji, tofauti hiyo ya pumzi haikupata herufi yake katika maandishi tunayotumia. Sisemi ipewe leo. Nasema mwalimu wa Pwani akimsikia mtoto anadai kwamba maneno hayo si sawa, asimkatalie, maana mtoto ana sikio zuri kuliko kitabu.

Kuna mambo ambayo ningeyaacha kabisa mpaka Gredi ya 4 na kuendelea. Dhana na zana, thamani na samani na zamani, ni maneno mazuri, ila nusu yake hayana umbo ambalo mtoto mdogo anaweza kulichora wala kulishika. Barabara ya magari na "barabara" ya kusifia kazi iliyofanywa vyema hutofautiana kwa mkazo peke yake, na hilo hufurahisha sana watoto wa miaka kumi ambao wameanza kupenda kuisikiliza lugha yenyewe. Kwa wale wa miaka saba ni kelele.

Wenzangu kadhaa nilioongea nao wananiambia kwamba watoto wa siku hizi ni werevu, wanachezea Sheng na kugeuza maneno kila uchao, na kwamba tukiwarahisishia tutawadumaza. Nakubali sehemu ya kwanza. Ni kweli wanachezea maneno, na wanachezea kwa sababu maneno hayo ni yao, wameyaokota njiani wakiyajua yanatumika wapi na kwa nani. Kuwapa maneno yaliyo karibu nao si kuwarahisishia. Yule mvulana wa kitendawili cha mbuzi alifanya kazi ngumu kuliko mtoto yeyote aliyekariri maana tano za tua.

Ombi langu kwa wachapishaji ni dogo. Wanapotunga mazoezi ya madarasa matatu ya mwanzo, waweke maana mbili kwa neno badala ya tatu au tano, waziweke ndani ya sentensi zenye upatanisho, na wamwombe mtoto aunganishe sentensi na picha badala ya kueleza maana, kwa kuwa mtoto wa miaka saba anaweza kulitumia neno kwa ufasaha kabisa na bado asiweze kulifafanua, kama sisi wengi tunavyotembea bila kuweza kueleza jinsi goti linavyofanya kazi. Kisha waache nafasi tupu chini ya ukurasa, ambapo mwalimu ataandika jozi zinazowahusu watoto alionao. Na walimu wenzangu wanaosahihisha kwa kutumia majibu yaliyochapishwa nyuma ya kitabu, wanapokutana na jibu ambalo halimo, walisome mara mbili kabla ya kuinua kalamu nyekundu.

Kuhusu karatasi ya mjukuu wangu, niliibandika kijikaratasi cha heshima kueleza kwamba kukaa kitini, kukaa Kilifi na kukaa kimya ni maana tatu, nikairudisha shuleni ndani ya daftari lake. Sijapata jibu, na sina haraka. Ninachoomba ni alama zake mbili.

Mwalimu mstaafu,
Kilifi